Kishikio cha Nne

Nimerudi jana kutoka mazishini, na mwili unauma utadhani mimi ndiye niliyechimba kaburi. Sikuchimba. Nilikaa tu kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikala wali na nyama nilipoletewa, nikasikiliza hotuba ndefu za watu waliomjua Ouma kwa namna ambayo mimi sikumjua: mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya shule, baba ya watoto wakubwa wenye vitambi vyao. Kwangu mimi Ouma hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa kijana mwembamba tuliyelala naye chumba kimoja kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi, za kiwanda cha chai, upande wa Kapkatet, mwenye mdomo mrefu na mikono yenye utulivu. Marafiki walipoitwa mbele, nilitambulishwa kama mtu aliyefanya naye kazi zamani huko kwa Wakipsigis. Nikasimama, nikasema maneno mawili matatu ya pole, nikaketi. Ningesema nini zaidi? Ningeanza kuwaeleza waombolezaji habari za lethi na vishikio vyake? Kabla sijaondoka, ndugu yake mdogo, Otieno, alinivuta kando akanipa kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha zamani. Kitambaa chenyewe kiko hapa mezani ninapoandika. Nimechoka, lakini nisipoandika leo sitaandika tena.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi na wa mvua ile ya El Niño. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, stovu ya mafuta taa, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuibandua, na dirisha moja lililotazama chai, chai, na chai tena, mpaka pale mlima unapoikata. Mimi na Ouma tulikuwa mafundi wa karakana, wa rika moja na daraja moja, tukivaa ovaroli zilizonuka grisi na majani mabichi. Yeye alikuwa mtu wa ziwa. Alipika omena kwa nyanya nyingi, na mimi, ambaye kwetu samaki hakuwa chakula, nilikula mara ya kwanza nikiwa nimefumba macho. Mimi nilimletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka nyumbani Silibwet, kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, naye akaonja akasema, "Omera, hii maziwa imeungua ama ni macho yangu?" Baada ya miezi kadhaa alikuwa akikitikisa kibuyu mwenyewe kabla sijavua viatu.

Lethi tulipewa. Mhandisi wa kiwanda alikuwa anastaafu, na mashine hiyo ilikuwa mchezo wake wa jioni, akitengenezea vigari vidogo vya moshi vya kuchezea. Kisha akaichoka, ikawekwa kwenye stoo kando ya chumba cha kuchekechea chai, ikakaa huko miaka. Kwa asiyejua, lethi huzungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, na hii yetu ilikuwa ndogo kiasi cha kubebwa na watu wawili wasiogombana. Injini yake ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni vishikio, yaani vile vipande vya chuma vinavyokaza kisu mahali pake kisitikisike. Vya mwanzo vilipotea stoo ilipohamishwa. Bila kishikio, lethi ni pambo tu. "Mkiweza kuitengenezea, ni yenu," mzee yule alitwambia, nasi tukaibeba mpaka chumbani tukaiweka kwenye meza chini ya dirisha. Tangu siku hiyo tulikula tukiwa tumepakata sahani.

Mpango ulikuwa kufungua karakana yetu pale Kapkatet. Mashine za posho zilikuwa zinakula bushi, zile pete za chuma ambamo shafti huzunguka, kila mahali, cherehani zilikuwa zinakufa kwa kukosa vipande vidogo, na fundi wa karibu wa kukereza alikuwa mbali. Hivyo ndivyo tulivyosema. Ukweli wangu mimi ulikuwa mwingine. Ouma alikuwa kifungua mimba kwao, na kwao mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa kujenga. Otieno alikuwa tayari na mchumba, tayari na mabati, anangoja tu kaka yake aende akasimamishe nyumba. Kila mtu aliyetoka ziwani alileta salamu zilezile: Ouma aje ajenge. Nami nilijua kwamba mtu akishajenga, nyumba humwita. Nilitaka abaki. Sikuwahi kuwa na rafiki kama yeye, na sijapata mwingine. Nikajipa imani kwamba mtu mwenye kazi mkononi haondoki, na kwamba kila kishikio tutakachomaliza ni msumari mwingine wa kumshikilia huku kwetu.

Tulibishana wiki nzima juu ya aina ya kishikio. Kisu cha lethi lazima ncha yake ilingane sawasawa na kitovu cha kile kinachozunguka. Kikipanda kidogo kinasugua, kikishuka kidogo kinaacha chunusi katikati ya kazi. Ouma alitaka kila kisu kiwe na kishikio chake chenye skrubu ya kukipandisha na kukishusha. Mimi nilitaka kipande kimoja kigumu, kilichopimwa mara moja, basi.

"Kitu iko na skrubu ni kitu itakuja kulegea," nilimwambia.

"Na kama kimo itabadilika?"

"Itabadilika aje? Mashine ni chuma. Chuma hainenepi, chuma haikondi."

"Weldon, wewe unajenga kama mtu hajawahi kosea."

"Na wewe unajenga kama mtu ashakosea tayari."

Alicheka, akaniachia nishinde. Ouma alikuwa na tabia hiyo, ya kukuachia ushinde halafu akae kitandani akitazama ushindi wako utafika wapi.

Chuma tulikipata kwenye shafti iliyotupwa ya feni ya kukaushia majani, na msimamizi wa karakana akaturuhusu kuichukua kwa sharti kwamba tusitumie saa za kampuni. Basi tukatumia zetu. Alasiri za Jumapili, na zile saa za jioni kabla ya stima kufifia, tulikata kwa msumeno wa mkono, kupokezana, jasho likidondoka kwenye chuma, mpaka duara likawa na pande nne. Kisha tupa. Nani leo anajua kuchonga chuma kwa tupa mpaka kikae bapa mezani bila kucheza? Tulipaka kioo wino, tukalaza kipande juu yake, palipokamata wino ndipo palipoinuka, tukapapiga tupa tena. Mama Chebet, jirani yetu mchuma chai, alisema kelele ile inamtoa meno, lakini jioni alituletea isagek, mboga yetu chungu, na ugali kwa sababu aliona hatuna muda wa kupika. Katika kupima kimo tulikuwa na sheria: anayetazama hashiki spana, na anayeshika spana hatazami, kwa sababu mkono unaovuta hudanganya jicho. Mimi nilishika spana. Ouma alipiga magoti, akafumba jicho moja, akanong'ona, "Panda. Panda kidogo. Shuka unywele. Hapo hapo. Kaza!" Vile vigumu vyangu havikuwa na cha kukaza isipokuwa boliti ya chini, lakini alisema hivyo hivyo, naye alisema kwa furaha. Tulimaliza vitatu. Tuliposhusha kisu mara ya kwanza kwenye kipande cha shaba na uzi wa manjano ukaanza kujikunja na kuanguka mezani, Ouma aliuokota akauviringisha kidoleni.

Halafu ikaja zamu yetu ya ushirika. Kwenye laini zetu watu walikuwa wakisali nyumba kwa nyumba, na siku moja kabla, akina mama huingia kusaidia kusafisha nyumba inayopokea wageni, hasa ikiwa ni ya wanaume wasio na wake. Sisi tulikuwa zamu ya kiwandani. Mama Chebet alikuja na wenzake, na maji ya moto, na magadi, na steelwool, na wakaona mashine pale chini ya dirisha, ya rangi ya kahawia kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Wakaisugua. Tuliporudi, chumba kilinuka sabuni, kalenda ya mwaka jana haikuwepo, na lethi yetu ilikuwa ya kijivu. Iling'aa. Kwa kweli sikuitambua.

"Pwana asifiwe," Mama Chebet alisema mlangoni, akijifuta mikono kwenye leso. "Sasa wageni watakaa mahali safi. Hiyo chuma yenu ilikuwa na uchafu, woi, sijawahi kuona."

"Kongoi, mama," nikamshukuru.

Jumapili baada ya maombi, wageni walipokwisha kwenda, tuliwasha. Kazi ikatoka na chunusi katikati. Nikabadilisha kishikio, chunusi. Nikanoa kisu upya, chunusi. Ouma alipiga magoti akatazama kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole kwenye uso wa meza ndogo ya mashine, pale kishikio kinapokaa, akakinusa. Akaanza kucheka mpaka akaketi sakafuni. Ile kahawia haikuwa rangi ya chuma. Ilikuwa vumbi la chai, lililoshuka miaka na miaka pale stoo, likashikana na mafuta, likawa gumu kama vanishi. Fundi wa mahali pengine popote angeikwangua kabla ya kupima chochote. Sisi tulikuwa tumekulia kazini ndani ya vumbi lile. Kila chuma tulichokijua kilikuwa na rangi hiyo, mpaka tukaamini ndivyo chuma kilivyo, na tukapima vishikio vyetu vyote juu ya chai. Mama Chebet alipoiosha, kila kisu kilishuka, na vigumu vyangu havikuwa na njia ya kupanda.

"Chuma haikondi," Ouma alisema akiwa bado sakafuni.

"Nyamaza."

"Omera, imekonda. Imefungishwa saumu na Mama Chebet."

Siku hiyo niliudhika kama mtoto. Leo nikikumbuka namna alivyocheka, na jana nimetoka kumfunika udongo, nacheka naye peke yangu hapa mezani. Hatukumwambia Mama Chebet. Kwa muda tuliinua vile vigumu kwa vipande vya bati tulivyokata kwenye kingo za masanduku ya zamani ya chai, lakini bati huteleza na kujikunja, na kila ukibadilisha kisu unaanza kutafuta kibati chako sakafuni kama mtu aliyepoteza pete. Mwishoni tukafanya alivyotaka yeye tangu mwanzo: nguzo moja imara katikati, na kila kishikio kikiteleza juu yake, na skrubu yenye nati ya kukishikilia kwenye kimo chake. Tukaanza tena kwenye shafti ileile, msumeno uleule. Tuliamua viwe vinne: cha kuchonga nje, cha kuchonga uso, cha kupanua tundu, na cha nne cha kile kisu chembamba kinachokata kazi ikishakamilika ianguke yenyewe.

Tulipomaliza vitatu vya kwanza, mwaka ulikuwa umeharibika. Ukuta kati yetu na jirani wa pili ulikuwa wa mbao, na jioni wanaume walikusanyika pale kwa chai na redio. Tulisikia kila kitu. "Hawa watu wa ziwa wataenda kupigia kura kwao ama watapigia hapa?" mmoja aliuliza. "Wapigie hapa, lakini wajue wanapigia nani," mwingine akajibu, na wakacheka kicheko ambacho si cha mzaha. Ouma alikuwa akipiga tupa. Hakuacha, alilegeza tu mkono ili tupa isipige kelele. Ndipo tukasikia sauti ya Mama Chebet, aliyekuwa amekwenda kuomba moto: "Huyo kijana iko hapo, anasikia. Kunyweni chai yenu." Tukasikia vikombe tu, na Ouma akaongeza mkono tena. Baadaye nilimwambia asiwajali, ni maneno ya redio. Akasema, "Siwajali. Lakini nawasikia."

Otieno alikuja mwenyewe mvua zilipoanza. Alikaa kwenye kitanda changu, viatu vimejaa matope, samaki wa kukaushwa amefungwa kwenye gazeti magotini. Alikuwa mpole sana, na upole wake ndio ulioniogopesha. Hakusema habari za kura wala za usalama.

"Ouma, mimi nimengoja," alisema tu. "Huyo msichana kwao wananiuliza."

Ouma aliangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia matope ya viatu vya ndugu yake. Kishikio cha nne kilikuwa mkononi mwake, mfereji wake wa kushikia kisu umekatwa nusu. Nilisema, "Ngoja basi tumalize hiki." Nilijua ni neno dogo, lakini sikuwa na jingine.

"Naenda tu kusimamisha nyumba, nirudi," alisema. "Hii nitaenda nayo. Nitaimaliza huko, jioni jioni. Nikuje nayo." Akaomba na tupa yangu nzuri, ile bapa ya meno laini. Nikampa. Asubuhi niliwasindikiza mpaka barabarani, mvua ikinyesha kwa wingi ule ambao hatukuwa tumewahi kuuona, chai yote imeinama upande mmoja. Alikuwa amevitia chuma na tupa ndani ya koti ili visilowe, yeye mwenyewe akilowa. Hakugeuka kunipungia. Alikuwa anashikilia koti.

Hakurudi. Barabara zilikatika, uchaguzi ukapita, kazi yake ikapewa mtu mwingine, mke akapatikana, watoto wakaja. Hakuna lililo la ajabu hapo. Mimi nilifungua karakana Kapkatet na vishikio vitatu. Cha nne sikukitengeneza. Wateja waliniuliza kwa nini nakata kila bushi kwa msumeno wa mkono wakati mashine ingeikata yenyewe, nikawaambia kishikio chake kinatengenezwa. Rael, mke wangu, aliacha kuniuliza zamani. Bega langu la kulia limekwisha kwa sababu ya msumeno huo, na daktari wa hospitali akiniuliza nilianguka wapi namwambia sikuanguka. Simu za mkono zilipokuja tulipatana tena mimi na Ouma, na kila tulipoongea, baada ya habari za watoto na mvua, niliuliza, "Na kile kitu?" Naye alijibu siku zote, "Iko, omera. Nimebakisha kidogo." Tulicheka. Ulikuwa mzaha wetu, na nilidhani ni kweli pia, kwamba kimelala mahali fulani chini ya kitanda, nusu yake kikiwa na kutu.

Jana Otieno aliponipa kile kitambaa nilikifungua palepale. Ndani kulikuwa na tupa yangu, imekwisha meno kabisa, laini kama kijiko. Na kishikio. Mfereji umenyooka, pande zote bapa, kingo zimevunjwa taratibu zisikate mkono, skrubu ipo, nati ipo. Kilikuwa kimepakwa mafuta hivi karibuni.

"Alimaliza lini?" niliuliza.

Otieno alinishangaa. "Hiyo? Hiyo alimaliza kitambo. Mwaka ule ule. Nyumba yake haikuwa hata na mlango. Kila Krismasi alikuwa anaitoa, anaipaka mafuta, anarudisha."

Nilikasirika. Niliketi kwenye kile kiti cha plastiki nikiwa nimemkasirikia maiti, bega likinipwita, nikihesabu kila bushi niliyoikata kwa mkono huku yeye amekaa na chuma kilichokamilika. Angekipa mtu wa basi, kingefika siku ileile. Ni njiani nilipopoa, gari likipanda kutoka kwenye joto la ziwa mpaka baridi ya chai ikaanza kuingia dirishani. Angekipa mtu wa basi, ndiyo, na mimi ningempigia simu nimshukuru, na mwaka uliofuata tungekuwa na nini cha kuulizana? Sijui kama ndivyo alivyowaza. Ninajua tu kwamba alikimaliza, na kwamba hakukaza nati. Aliiacha ikizunguka bure kwa kidole, kwa maana kimo hakiwezi kupimwa isipokuwa kwenye mashine yenyewe, na alinuia kuja kukipima.

Leo mchana nimeingia karakana. Nilipangusa uso wa lethi kwa mafuta taa, nikatazama mara mbili kama kuna chai. Nikatelezesha kishikio juu ya nguzo, kikaingia bila kusukumwa, mkono wa Ouma ulikuwa mzuri vile. Nikatia kile kisu chembamba. Nikapiga magoti kwa shida, nikafumba jicho moja, nikashusha kidogo, nikapandisha unywele, mpaka ncha ikakutana na kitovu. Nikasimama nikachukua spana, nikaiweka kwenye nati, na mkono ukakataa. Nilisimama hivyo, nikingoja anayetazama aniambie, "Kaza!"

Rael alikuja na chai, akaniona nimeduwaa na spana mkononi.

"Umemaliza?" aliuliza.

Niliitoa spana taratibu nikaiweka mezani. "Nimebakisha kidogo," nikamwambia.